Kwa nini stika ya gari la umeme ya California haikutambuliwa Arizona

Dereva anayetoka Los Angeles kwenda Phoenix, Marekani, hufuata barabara kuu ya I-10 kwa takriban kilomita 600, na huingia jimbo la Arizona mara tu anapovuka Mto Colorado. Leseni yake ya udereva inatambuliwa pande zote mbili. Lakini kwa miaka mingi, stika iliyomruhusu kupita peke yake katika njia ya magari yenye abiria zaidi ya mmoja ilipoteza nguvu pale mtoni.

Njia hizo zilitengwa ili kuwashawishi watu kusafiri pamoja na kupunguza foleni. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilifungua mlango kwa magari yasiyochafua hewa kuzitumia hata yakiwa na dereva pekee. Hata hivyo, sheria hiyo haikutoa haki kwa gari. Ilitoa ruhusa kwa majimbo, na kila jimbo likaamua lenyewe.

California ilichagua stika za kubandikwa kwenye bodi ya gari, zilizotolewa na idara yake ya magari. Arizona ikachagua kibao maalumu cha namba za usajili. Askari wa barabarani wa Phoenix alitafuta kibao hicho. Stika ya jirani haikumhusu. Vivyo hivyo, kibao cha Arizona hakikuwa mbadala wa stika mjini Los Angeles, ambako faini ya kosa hilo huanzia dola 490. Hapakuwa na makubaliano ya kutambuliana, jambo ambalo wanunuzi wengi hawakulifikiria walipovutiwa na magari hayo.

Majimbo nayo yalikuwa na sababu ya kubana. Sheria ya shirikisho inataka magari katika njia hizo yaende kwa wastani wa angalau maili 45 kwa saa, yaani kama kilomita 72, kwa asilimia 90 ya muda wa msongamano. Kila gari lenye mtu mmoja linaloongezwa huisogeza njia karibu na kushindwa kipimo hicho. Ndiyo maana California ilikomesha stika 85,000 za magari ya mseto mwaka 2011, ingawa wenye magari walilalamika.

Ruhusa yenyewe ya shirikisho ilikuwa na ukomo, nao ulifika Septemba 30, 2025. Bunge halikuiongeza kabla ya siku hiyo, hivyo mipango ya California, Arizona na New York ikafikia tamati. California pekee ilikuwa na madereva zaidi ya 500,000 wenye stika hai.

Kwa msafiri wa I-10, swali la mpaka sasa limebaki kuwa la idadi ya watu na saa. Phoenix hudai watu 2 siku za kazi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri hadi saa 1 jioni. Karibu na Los Angeles, kipande cha El Monte hudai watu 3 saa za msongamano kwa asiyetaka kulipa tozo, tena gari liwe na kifaa cha kielektroniki cha kuhesabu tozo. Mtoto mchanga aliyefungwa kwenye kiti chake huhesabiwa kuwa abiria katika majimbo yote mawili.