Kabla Hujatuma Pesa ya Kadi ya Gemu, Fungua Kompyuta Kwanza

Mteja wetu mmoja, mwanafunzi anayeishi Lurambi hapa Kakamega, alitupigia simu akiwa na swali moja tu: "Ile pesa nilituma jana, inaweza kurudi?"

Alikuwa ametuma KSh 14,500 kwa muuzaji wa Nairobi aliyempata mtandaoni, akinunua kadi ya grafiki iliyotumika. Kifurushi kilifika asubuhi kama walivyokubaliana. Kadi ilikuwa nzima na muuzaji hakudanganya. Shida ni kwamba kadi haikuingia kwenye kompyuta yake. Na kati ya hizo pesa, KSh 6,000 zilikuwa za kodi ya nyumba.

Jibu letu halikumfurahisha. Huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa iliyoenda kwa nambari isiyofaa. Ukimlipa mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, akakuletea kitu ulichoagiza, hatuwezi kuingia kwenye akaunti yake na kuichukua kwa sababu umejuta. Hapo ni wewe na muuzaji kuelewana. Ametukubalia tusimulie kisa chake bila jina, ili kisimpate mwingine.

Kompyuta ya ofisi, gemu ya leo

Wengi wetu huanza na kompyuta iliyotumika ofisini ng'ambo, zile tunaita ex-UK. Ni mashine ngumu na bei yake inafikika. Ya kijana huyu ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, lile kasha jembamba. Kwa kuandika kazi za chuo na kuhariri picha za harusi, inamtosha. Lakini alitaka kucheza EA Sports FC 26 na wenzake.

Gemu hiyo inataka angalau kadi ya daraja la GTX 1050 Ti, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100. Yeye alisoma mstari wa kadi peke yake, akatafuta kadi yenye nguvu zaidi ya hiyo, akalipa. Fundi mmoja karibu na stage ya mjini alipofungua ile mashine, alimwambia: "Kijana, hapa shida si kadi. Shida ni umri."

Alimwonyesha mambo matatu, na tunayarudia hapa kwa sababu yanahusu kompyuta nyingi za aina hii.

*Ukubwa.* Kasha jembamba linahitaji kadi fupi iliyotengenezewa kasha la namna hiyo. Kadi ya kawaida haitafunga hata ukiilazimisha.

*Umeme.* Pawa saplai ya mashine hiyo nyembamba ni ya wati 240. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa, na ile nafasi ya kadi kwenye bodi haitoi zaidi ya wati 75. Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi, maana kompyuta nyingi za ofisi hutumia za umbo lao wenyewe.

*Umri.* Hili ndilo lililomuuma zaidi. FC 26 inataka prosesa ya daraja la Core i5-6600K, yaani kizazi cha sita. Yake ni ya kizazi cha tatu. Pia inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine hiyo ya 2012 ilitoka na TPM 1.2. Kwa hivyo hata kadi ingeingia na umeme utoshe, gemu isingefunguka. Zile KSh 14,500 hazikuwa na nafasi ya kufanya kazi tangu mwanzo.

FC wala si gemu nzito sana. Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, inataka angalau kadi ya RTX 2060 Super, RAM ya GB 16 na SSD yenye nafasi ya GB 120. Mashine ya ofisi ya 2012 haiwezi kufika huko kwa kuongezewa kipande kimoja.

Bei ya kadi si bei ya kucheza

Tulimwomba kijana aandike hesabu yote upya, kama angeanza leo. Bei hizi ni zile alizoulizia wiki hiyo, na kwako zinaweza kuwa tofauti:

- Kompyuta iliyotumika, kasha pana, kizazi cha nane: KSh 26,500
- Kadi iliyotumika inayotosha gemu hiyo: KSh 13,500
- SSD: KSh 5,000
- Kutuma vifurushi: KSh 450
- Intaneti ya kupakua gemu: KSh 3,000

Jumla ni KSh 48,450, kabla hajanunua gemu yenyewe. Angalia huo mstari wa intaneti. Kwa kasi ya Mbps 10, kupakua GB 100 kunachukua kama saa 22 bila kukatika. Ukitumia bando za simu, bili itakushangaza.

Jambo lingine ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda duniani kote, kwa sababu watengenezaji wanapeleka chipu nyingi kwenye mitambo ya AI. Ukikadiria kwa bei ya mwaka juzi, utaaibika dukani.

Akiweka KSh 1,000 kila wiki, jumla hiyo itamchukua wiki 49. Ni muda mrefu, ndiyo. Lakini tazama njia ya pili. Mkopo wa simu unaotoza 7.5% kwa siku 30, ukikopa KSh 14,500, ada yake ni KSh 1,087.50. Ukishindwa kulipa ukaongezewa siku 30 nyingine, ada inakuja tena. Tunatoa huduma za pesa, na bado tunakuambia: usikope kwa ajili ya gemu. Kama mashine inakuingizia kitu, mfano kazi za kuhariri video, hapo kaa chini upige hesabu ya faida.

Ukifika wakati wa kulipa

1. Andika modeli kamili ya kompyuta yako, mtumie fundi au muuzaji, umuulize kwa maandishi: itaingia? Umeme utatosha? Gemu hii itafunguka?
2. Uliza kama bei imejumlisha VAT ya 16% na gharama ya kutuma.
3. Kama duka liko karibu, hata Kisumu ambako ni kilomita 50 hivi, nenda ukaone kifaa kikiwaka ndipo ulipe.
4. Lipa kwa nambari ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la duka, simama.
5. Kubalianeni kuhusu kurudisha bidhaa kabla ya kulipa. Ujumbe wa malipo usiufute hadi waranti iishe.
6. PIN yako haiulizwi na muuzaji, fundi, wala sisi.

Ilivyoisha

Muuzaji hakukubali kurudishiwa kadi. Kijana aliiuza kwa mwenzake wa chuo mwenye kasha pana, KSh 11,000. Ukiongeza KSh 450 za kifurushi, hasara yake ni KSh 3,950. Kodi aliilipa, akachelewa siku nne, na mwenye nyumba akamsikiliza.

Kompyuta yake sasa ina SSD ndogo na inawaka haraka. Anachezea PES 2013, gemu ya rika moja na mashine yenyewe. FC anaifuata Jumamosi kwenye kibanda cha PlayStation, bob 30 kwa mechi. Ile hasara ingemlipia mechi 131.

Na kila Ijumaa anaweka KSh 1,000 kwenye akiba iliyofungwa. Tulipozungumza naye mara ya mwisho, alikuwa amefika wiki ya saba.