Harusi ikiwa Kitulo, mgeni wa Dar panda kwa hatua

Kadi ikishasema harusi iko Makete, mgeni wa Dar es Salaam huanza na mchango, sare, kisha nauli. Mwinuko haumjii akilini, na ndio unaotaka mpango wa mapema kuliko vyote.

Maharusi wanaochagua Kitulo, ile Bustani ya Mungu, hufuata maua yanayochanua msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Uwanda huo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi unayovuta pale inakupa oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya Kariakoo. Kwa mwenye afya si balaa, ila mwili unataka muda wa kuzoea. Ukitoka Dar alfajiri kwa ndege hadi Songwe, ukadandia Coaster, jioni ukaingia moja kwa moja kwenye muziki, usishangae kichwa kikigonga na tumbo likichafuka. Fika siku mbili kabla. Usiku wa kwanza lala Mbeya au Njombe. Malazi ya harusi yakipatikana Matamba, chini ya uwanda, afadhali zaidi: mnapanda mchana, mnashuka kulala. Na kichwa kikizidi kuuma, au pumzi ikikukata hata umekaa, shuka siku hiyo hiyo. Usisubiri keki.

Kamati za harusi huuliza nani hali nyama. Naziomba ziulize pia, kwa staha na faraghani, nani ana selimundu. Uhaba wa oksijeni, baridi na upungufu wa maji mwilini, kila kimoja peke yake kinaweza kumwamshia mgonjwa maumivu makali. Kitulo vyote vitatu vinamkuta pamoja. Huyo aonane na daktari wake kabla ya kukata tiketi, na akishauriwa asipande, ndugu wasimnunie. Ushauri huo unawahusu pia wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu.

Njia ya Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Mvua ikinyesha huteleza, na ukungu ukishuka dereva haoni mbele. Ipandeni mchana, na dereva awe anayeijua.

Nguo ni jambo dogo: koti zito, soksi, na fulana ya mikono mirefu chini ya sare. Anayealikwa Juni au Julai ajue kwamba asubuhi nyasi zinaweza kuwa nyeupe kwa sakitu. Jua nalo huunguza ngozi zaidi huko juu hata kukiwa na baridi. Wenye ualbino wasiache kofia pana na mafuta ya kujikinga. Maji unywe hata bila kiu. Ulanzi utaletwa, lakini usiku wa kwanza uuache: pombe hukufanya uhisi joto huku mwili ukilipoteza.

Linalonitia hofu kuliko yote ni jiko la mkaa chumbani. Wageni wanane wamelala chini, madirisha yamefungwa, mtu anasogeza jiko mlangoni wapate joto. Mkaa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, na aliyelala haamki kuikimbia. Jiko libaki nje, hata likionekana limezimika. Mwombeni mwenyeji blanketi la pili. Watu wa Makete wanazijua baridi zao, hawatawashangaa.