Sauti Hutuliza, Dawa Huponya

Jua likishazama nyuma ya milima ya Udzungwa, hapa Mang'ula masikio huanza kazi pale macho yanapoacha. Vijito vyashuka mawe kwa mawe, vyura wapiga kelele katika majaruba ya mpunga, mchi wa mwisho watwanga kwa jirani. Katika nyumba moja mama ambembeleza mtoto kwa wimbo aliofundishwa na bibi yake. Mtoto alikuwa akilia. Sasa pumzi zake zatulia, macho yafumba. Mama hakumpa kitu cha kumeza. Amempa sauti tu.

Je, sauti nayo ni dawa? Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaolipa fedha ili walale mkekani, wafumbe macho na kusikiliza bakuli za madini zikigongwa polepole. Wengine huahidiwa kwamba mlio ule utaondoa magonjwa ya kila namna. Na kwetu, tangu zamani za mababu, mgonjwa alipigiwa ngoma. Basi, ndugu msomaji, tuchukue ungo tupepete jambo hili, mchele huku na pumba kule.

Tuanze na mchele. Sauti ni hewa inayotikisika. Mtikisiko huo hugonga ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, na habari zake hufika katika ubongo. Ubongo ndio unaoongoza pumzi na mapigo ya moyo. Ndiyo maana mlio wa ghafula hukushtua hata kabla hujajua ni nini, na wimbo wa polepole hukulegeza. Madaktari wamewachunguza wagonjwa wanaongoja kupasuliwa, wakaona kuwa muziki mtulivu huwapunguzia hofu. Hata watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, mara nyingi hutulia wakiimbiwa kwa sauti ya chini na mama zao. Si ajabu, kwa maana mtoto huanza kusikia sauti ya mama yake angali tumboni.

Liko na jambo la kustaajabisha zaidi. Mzee aliyepatwa na kiharusi huweza kupoteza maneno asiweze hata kuomba maji. Lakini ukimwanzishia wimbo wa utoto wake, pengine utamsikia akiuimba pamoja na maneno yake. Katika ubongo, kuimba na kusema havipiti njia moja tu. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza namna ya kuwafundisha wagonjwa hao kusema tena kwa kuimba maneno mafupi mafupi. Kwa hiyo aliye na mzee kama huyo asimwache pembeni kama gogo. Aimbe naye.

Na ngoma za wazee wetu je? Mtaalamu wa Marekani, John Janzen, alizichunguza ngoma za uganga hapa Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika, akatoa kitabu mwaka 1992. Alionyesha kwamba neno hili ngoma, katika lugha nyingi za Kibantu, si chombo tu. Ni mkutano mzima: wimbo, mchezo, na watu wanaomzunguka mwenye shida naye akapata nafasi ya kuitoa shida yake kwa wimbo. Hapo pana hekima. Mtu mwenye huzuni akiachwa peke yake huzama. Akizungukwa na sauti za wenzake hupata nguvu. Hata katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli twasoma kwamba Sauli aliposumbuliwa rohoni, Daudi alimpigia kinubi akapata nafuu.

Sasa pumba zake. Tuseme usiku mtoto wa miaka miwili ashikwa na homa. Mwili wawaka, macho yageuka, mikono na miguu yakakamaa na kutetema. Ni degedege. Wazee wasema ni mdudu wa angani au pepo, aitwe fundi wa ngoma. Ndugu msomaji, katika bonde hili letu la Kilombero, lenye maji mengi na mbu wengi, degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda. Vijidudu vya malaria vimo ndani ya damu, navyo havina masikio. Ngoma ilie hadi alfajiri, vyenyewe vyaendelea kuzaana, na malaria kali yaweza kumwua mtoto kwa siku moja au mbili. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au anayelala asiamke, apelekwe zahanati au hospitali saa ile ile. Mama na amwimbie njiani, lakini miguu isisimame.

Na kifafa ni hivyo hivyo. Ng'ambo ya bonde, huko Mahenge, ugonjwa huu umewatesa watu wengi. Zamani wengi waliogopa hata kumgusa mwenye kifafa. Miaka ya mwanzo ya 1960 daktari mmoja mama kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, aliwafungulia kliniki huko, akawapa dawa za kumeza kila siku. Wengi waliokuwa wakianguka mara kwa mara walipata nafuu kubwa. Mtu akianguka kifafa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, wala usimtie kitu kinywani. Akitulia, sema naye kwa upole, maana aamkapo huwa amepotewa na mahali alipo.

Tena tukumbuke kwamba si kila sauti hutuliza. Wahenga walisema, ngoma ikilia sana hupasuka; na masikio ni vivyo hivyo. Ukiona huna budi kupiga kelele ili mtu aliye karibu nawe kwa urefu wa mkono akusikie, jua kwamba sauti hiyo, ikidumu, yaweza kuyaharibu masikio. Mtoto mchanga asilazwe karibu na spika, wala chumba cha mgonjwa kisigeuzwe uwanja wa redio.

Basi jioni hii, zima redio kidogo. Mwenye mtoto ambembeleze. Mwenye mgonjwa akae kando ya kitanda, amwulize wimbo aupendao, waimbe pamoja taratibu. Dawa za daktari azinywe kwa saa zake hadi ziishe, hata akijisikia amepona. Sauti haina bei, nayo ni ya kila nyumba. Tusiinyime kazi yake, wala tusiipe kazi ya dawa.