Karani Alisingiziwa, Kumbe ni Programu

Karani wa ofisi moja ya kupitisha mizigo hapa Malaba nusura afutwe. Programu yao ya zamani ilitoa jumla za shilingi za Uganda zikiwa hasi, bosi akashuku wizi. Hesabu ilifanywa na maktaba iliyobaki lugha ya mashine tu. Msimbo asilia ulishapotea.

Nikaiendesha ndani ya dibaga, nikaisimamisha kila inapoita maktaba, nikalinganisha namba zinazoingia na zinazotoka. Jumla ikipita 2,147,483,647, kikomo cha biti 32, inageuka hasi. Za Kenya hazikuwahi kufika huko.

Maktaba sikuigusa, kujumlisha nilikuhamishia nje, kwa biti 64. Karani yuko kazini. Wasee, kabla ya kulaumu mtu, kagueni mashine.