Shukrani ya Punda

Ni hadithi chache za wanyama wa kufugwa zilizochorwa mara nyingi kama ile ya wanamuziki wa Bremen. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha mwaka 1819 katika toleo la pili la mkusanyo wao wa ngano, na tangu hapo wachoraji wa nchi nyingi wameirudia. Mswisi Hans Fischer aliitengenezea kitabu cha picha mwaka 1944. Huko Marekani kitabu cha Ilse Plume, kilichotoka mwaka 1980, kilipewa heshima ya Caldecott ya vitabu vya picha mwaka uliofuata. Mchoro unaokumbukwa ni ule ule siku zote: punda chini, mbwa juu ya punda, paka juu ya mbwa, jogoo kileleni, wote wamepanua midomo. Mtoto akiuona hucheka, na mzazi hudhani amenunua kitabu cha wanyama wanaopenda kuimba. Hapo ndipo ninapobisha. Kisa hiki hakihusu mapenzi ya muziki. Kinahusu deni ambalo nyumba inadaiwa na aliyeitumikia mpaka nguvu zikamwisha. Mchoraji anayewachora wanyama hawa wakiwa vijana, wanono, manyoya yanang'aa, ameshaiharibu hadithi kabla mtoto hajafungua ukurasa wa kwanza.

Tazama inavyoanza. Punda amebeba magunia ya nafaka kwenda kinuni miaka na miaka; sasa mgongo umechoka, na bwana wake anapiga hesabu ya chakula anachokula. Mbwa wa mawindo hana mbio tena, na mwenyewe alitaka kumuua. Paka meno yamekuwa butu, anapenda kukaa karibu na moto kuliko kukimbizana na panya, kwa hiyo bibi mwenye nyumba alikusudia kumtosa majini. Jogoo ndiye pekee ambaye hatuambiwi kuwa amechoka: wageni wanakuja Jumapili, na mpishi ameagizwa amtie katika supu. Hawa wanne hawakutoka nyumbani kutafuta umaarufu, walikimbia kuziokoa roho zao. Tena hakuna hata mmoja aliyefanya kosa. Hakuna aliyeiba, aliyevunja, wala aliyegoma kazi. Ni hesabu tu iliyogeuka, na katika hesabu hiyo miaka yote ya nyuma haikuandikwa popote.

Kwa nini basi muziki? Msomaji wa leo akisikia punda anakwenda mji wa Bremen kuwa mwanamuziki, huona ni ndoto ya mnyama aliyechanganyikiwa. Lakini katika miji ya Ujerumani ya zamani mwanamuziki wa mji alikuwa mwajiriwa. Baraza la mji lilimlipa apige ala za kupuliza katika sherehe, ibada na harusi. Johann Ambrosius Bach, baba wa mtunzi mashuhuri Johann Sebastian Bach, alifanya kazi hiyo katika mji wa Eisenach. Punda basi anatafuta ajira isiyohitaji mgongo, na kila anayemkuta njiani anampa nafasi: yeye mwenyewe atapiga udi, mbwa atapiga ngoma, paka anajua nyimbo za usiku, jogoo ana sauti. Nasema udi kwa makusudi. Ala inayotajwa katika Kijerumani, Laute, jina lake limetokana na al-ud ya Kiarabu, mzazi yule yule wa udi tunaousikia katika taarabu ya Unguja na Mombasa. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kuandika gitaa wakati neno lenyewe tunalo.

Usiku unawakuta msituni. Jogoo, akiwa juu ya mti, anaona taa kwa mbali. Wanaifuata na kukuta nyumba ya wanyang'anyi, meza imejaa vyakula na vinywaji. Wanashauriana, kisha punda anaweka miguu ya mbele dirishani, mbwa anarukia mgongoni kwake, paka anapanda juu ya mbwa, jogoo anaruka na kutua kichwani mwa paka. Hapa ndipo kitabu cha picha kinapoizidi hadithi ya mdomo, kwa sababu mnara huo unapanda ukurasa wote kutoka chini hadi juu, na jicho la mtoto linaupanda pamoja nao, mgongo kwa mgongo. Anaona pia jambo ambalo msimulizi hulipita haraka: mzigo wote umerudi kwa punda. Yule aliyeambiwa hafai tena kubeba ndiye amewabeba wenzake watatu, safari hii kwa hiari yake. Inatolewa ishara, wanalia wote kwa pamoja, kioo kinavunjika, na wanyang'anyi wanatoka mbio wakidhani wameingiliwa na pepo.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja yangu uko katika sehemu inayofuata, ambayo vitabu vingine hufupisha kana kwamba ni nyongeza. Wakishashiba, kila mnyama anatafuta pa kulala kulingana na mazoea yake: punda kwenye samadi uani, mbwa nyuma ya mlango, paka mekoni penye majivu ya moto, jogoo juu kwenye boriti. Usiku wa manane mnyang'anyi mmoja anarudi kupeleleza. Anayaona macho ya paka, anadhani ni makaa, anasogeza kiberiti. Paka anamrukia na kumparura uso. Anakimbilia mlangoni, mbwa anamng'ata mguu. Anapita uani, punda anampiga teke, na juu jogoo anawika. Anawasimulia wenzake kwamba ndani kuna mchawi mwenye kucha ndefu, mlangoni mtu mwenye kisu, uani dubwana lenye rungu, na juu ya paa hakimu anayeamuru mhalifu aletwe mbele yake. Sasa linganisha na mashtaka ya mwanzo. Mbwa aliyekataliwa kwa kushindwa kazi amelinda nyumba. Paka mwenye meno butu ametumia kucha, ambazo bibi yake hakuzihesabu. Jogoo aliyetakiwa kwa nyama yake amefanya kazi kwa sauti yake. Hawakujifunza ufundi mpya wala hawakurudishiwa ujana. Waliufanya ule ule waliokuwa wakiufanya, ila sasa kwa nyumba yao wenyewe. Mabwana walikosea hesabu, na hadithi inalithibitisha hilo bila kumhubiria mtu.

Kuna msemo wetu kwamba shukrani ya punda ni mateke, nao huutumia anayelalamika kuwa ametendwa na aliyemfadhili. Katika kisa hiki teke lipo, lakini halikumpata aliyemlisha, lilimpata mnyang'anyi. Asiye na shukrani ni yule mwenye magunia. Wala wazo hilo si geni kwa Waswahili. Katika kisa cha Sultani Darai, kilichosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paa anamtoa maskini jaani, anamwoza binti wa sultani na kumpatia jumba. Siku paa anapougua, bwana wake anaagiza apikiwe uji wa mtama, na akifa anatupwa kisimani. Kisa hicho kinampa bwana adhabu yake: anaamka yuko jaani, akichakura kama zamani. Wajerumani hawakuwaadhibu mabwana, waliwaacha tu wasitajwe tena. Mimi naona visa hivi viwili vinafaa kusomwa pamoja darasani, kwa sababu vinajibu swali moja kwa njia mbili. Na huko Brazil, mwaka 1977, Chico Buarque aliutumia mchezo wa Waitaliano Sergio Bardotti na Luis Bacalov kuwatungia watoto mchezo wa nyimbo kuhusu wanyama hao hao, wakati nchi iko chini ya utawala wa kijeshi. Watu wazima waliona mara moja kuwa punda ni mfanyakazi na bwana ni bwana.

Wapo watakaosema haya ni mazito mno kwa mtoto wa miaka mitano, na kwamba kisu na supu viondolewe ili abaki na mnara na kelele. Sikubaliani nao. Mtoto wa kwetu ameona kuku akichinjwa sikukuu. Anajua supu inatoka wapi. Akiambiwa kuwa wanyama wanne waliamua tu kwenda mjini kuimba, kicheko atakipata, lakini hatakuwa na sababu ya kuwaogopea usiku ule msituni wala ya kufurahi walipopata moto wa kuota. Na hili la punda si la zamani tu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, inayochemshwa kutengenezea dawa inayouzwa China. Biashara hiyo ilikuwa imefika mahali ambapo kwa wengi punda aliyekufa alikuwa na bei kubwa kuliko aliye hai. Mtoto anayemwona punda akipita na madumu ya maji anaweza kuielewa hesabu hiyo vizuri kuliko tunavyodhani.

Pingamizi jingine ni la walimu: kelele za punda si muziki, kwa nini tumfundishe mtoto kuzishangilia? Ni kweli, na hadithi haidai kuwa waliimba vizuri. Kilichowapa nguvu ni kulia kwa wakati mmoja, kwa ishara moja, kila mmoja akiwa mahali pake. Kwa kusoma kwa sauti darasani hakuna kitabu rahisi kuliko hiki: wanafunzi hugawanywa makundi manne, na yule asiyejaliwa sauti hupata nafasi kwa punda. Kiswahili nacho kinasaidia, maana sarufi yetu haikumweka punda upande mmoja na viti na magunia. Punda amechoka, punda amekimbia: anapata kiambishi kile kile anachopata baba au mwalimu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la nyumba. Wanyama hawa wanakula chakula ambacho si chao na kubaki katika nyumba waliyoiteka. Kusema kuwa wenyewe walikuwa wanyang'anyi hakutoshi, kwa sababu mali ile ilinyang'anywa kwa watu wengine, na hakuna anayewatafuta. Hapo hadithi ina pengo, nami siwezi kuliziba. Lakini ningemwomba mfasiri asiongeze ukurasa wa polisi wanaokuja kuweka mambo sawa. Mtoto akiuliza nyumba ile ilikuwa ya nani, ameuliza swali la haki, na ni heri aulize yeye mwenyewe.

Bremen hawakufika. Walipenda pale walipokuwa, wakakaa. Mji haukuwasahau: mwaka 1953 sanamu yao ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Gerhard Marcks, iliwekwa kando ya ukumbi wa baraza, lile baraza ambalo lingewaajiri. Wapita njia huishika miguu ya mbele ya punda wakiomba bahati, mpaka imeng'aa kuliko sehemu nyingine zote. Marcks hakuwachongea udi wala ngoma. Ni wanyama wanne tu, mmoja mgongoni mwa mwenziwe, na wa chini kabisa ni punda.