Kitabu cha Shule Kichakae Mikononi mwa Watoto

Maktaba ya shule ya msingi ikiwa kimya, kuna jambo haliendi sawa. Saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya uji, maktaba inayofanya kazi huvuma. Watoto wa Darasa la Pili wamejazana mkekani, vichwa vitatu juu ya kitabu kimoja, kila mmoja anasoma kwa sauti yake. Mmoja anataka kufunua ukurasa, mwenzake ameukandamiza kwa kiganja kwa sababu bado hajamaliza. Wageni waliozoea maktaba za vyuo hutamani kuwanyamazisha. Nawasihi wasifanye hivyo. Mtoto anayeanza kusoma husoma kwa mdomo kwa kuwa Kiswahili amekisikia muda mrefu kabla ya kukiona kwenye karatasi. Anapotamka maandishi, sikio ndilo linalotambua neno na kumwambia kama amepatia. Kadiri kasi inavyoongezeka, mdomo hutulia wenyewe, na kwa wengi hilo hutokea wakiwa Darasa la Tatu au la Nne. Ukimlazimisha kunyamaza mapema, unamnyang'anya chombo anachokitegemea.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi kuyatamka, maana karibu kila herufi ina sauti yake na haibadiliki ovyo. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka hata gazeti. Baba anayasikia hayo jioni, anafurahi, anaamini kazi imekwisha. Kumbe mtoto anaweza kutamka aya nzima na ukimuuliza imesema nini, akabaki anakutazama. Nguvu zake zote zimeishia kwenye kuunganisha silabi.

Tazama neno kama "hawajazichukua". Limebeba watu wanaozungumziwa, ukanushi, wakati, vitu vyenyewe na tendo. Msomaji mzoefu hulitambua kwa jicho moja. Anayeanza hupita silabi saba, moja baada ya nyingine, kisha inabidi arudi nyuma azikusanye ili apate maana. Sasa fikiria sentensi ya maneno kumi inayosomwa kwa mwendo wa maneno kumi kwa dakika. Mtoto anapofika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umeshamtoka kichwani. Hakosi akili, na wala Kiswahili hakimshindi. Amechelewa tu kufika.

Dawa ninayoijua ni kukutana na maumbo hayohayo mara nyingi, katika habari tofauti, hadi jicho liyazoee. Kitabu cha kiada peke yake hakitoshi. Kina kurasa chache, na kufikia katikati ya mwaka watoto wengi wamekikariri, kiasi kwamba wanakisoma hata kikiwa kimefungwa. Wanahitaji hadithi wasizozijua, fupi na nyingi. Ndiyo maana nashikilia kwamba maktaba ni sehemu ya somo lenyewe la kusoma, na shule isiyo nayo inafundisha nusu ya somo hilo.

Takwimu zimetuonya siku nyingi. Mradi wa Uwezo ulipoanza kuwapima watoto majumbani nchini Tanzania mwaka 2010, zaidi ya nusu ya watoto wa Darasa la Tatu walishindwa kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini mtoto anayetoka Darasa la Pili akiwa amejua kusoma, kisha akakosa cha kusoma, hubaki palepale au hurudi nyuma.

Ushahidi ninaopenda kuwapa walimu unatoka mbali, visiwa vya Fiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 katika kila moja ya shule kadhaa za vijijini. Vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo watoto wale hawakuizungumza nyumbani. Baadhi ya madarasa yalipewa muda wa kila siku wa kusoma kimya kimya, na mengine yalisoma pamoja na mwalimu. Katika ufahamu wa kusoma, watoto hao walisonga mbele kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na mbinu za kawaida. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mtoto wa Lushoto anayezungumza Kisambaa nyumbani, au wa Kishapu anayezungumza Kisukuma, anapokea Kiswahili shuleni kama lugha ya pili. Hadithi yenye picha humfikishia msamiati ambao maelezo ya ubaoni hayawezi kumpa.

Basi kwa nini katika shule nyingi vitabu vya ziada vimefungiwa kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu? Watu husema walimu hawapendi kusoma. Sikubaliani nao. Sababu kubwa ninayoikuta ni leja. Kitabu kikipokelewa shuleni huandikwa kuwa mali ya shule, na mali ina mtu anayeijibia. Kikipotea, mwalimu wa maktaba anaogopa kuulizwa, hata kudaiwa. Kikikaa kabatini kwa miaka mitano kikiwa kipya, hakuna anayeuliza kitu, na wathibiti ubora wakifika wanakikuta kinang'aa. Mwalimu huyo anafanya kile ambacho utaratibu unamsukuma kukifanya.

Mkutubi mkubwa wa India, S. R. Ranganathan, alitoa mwaka 1931 sheria zake tano za ukutubi, na ya kwanza ilikuwa kwamba vitabu vipo ili vitumiwe. Aliieleza kwa kukumbusha enzi ambazo maktaba za Ulaya zilifunga vitabu kwa minyororo kwenye rafu, kwa sababu kazi ya mkutubi ilihesabiwa kuwa ni kutunza. Kufuli ya kabati letu ni mnyororo uleule.

Tupige hesabu ndogo. Shule ina vitabu 300. Kila kitabu kikiazimwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 36 za masomo, watoto watakuwa wamesoma mara 10,800. Tuseme vitabu 40 vimepotea au kuchanika visitengenezeke. Kwangu hiyo ni bei nafuu mno. Natamani wakuu wa shule na maafisa elimu kata waikubali kwa maandishi: kila mwaka sehemu fulani ya vitabu itachakaa, kamati ya shule ikutane, ivifute kwenye leja kwa saini, na mwalimu alale usingizi. Kitabu kilicholegea mgongo kwa kusomwa ni sifa ya maktaba.

Vitabu vyenyewe vipo, japo si vingi kama tunavyotaka. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, uliwawezesha wachapishaji wa Tanzania kutoa hadithi za Kiswahili kwa kuwahakikishia kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Waandishi na wachapishaji wa sasa wanadaiwa shukrani na mradi ule. Siku hizi zipo pia hadithi za mradi wa African Storybook, zilizoandikwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inaruhusu shule kuzichapa yenyewe. Mwalimu mwenye printa, karatasi na uzi wa kushonea anaweza kuongeza rafu yake bila kusubiri msaada.

Upangaji unastahili neno. Tukisomea ukutubi tunafundishwa mfumo wa Dewey, uliotoka mwaka 1876, ambamo ngano ziko 398.2 na mpira wa miguu uko chini ya 796. Ni mfumo ninaouheshimu, lakini mtoto wa Darasa la Pili hasemi hivyo. Husema, "Shikamoo mwalimu, naomba kile cha fisi," au "kile chekundu." Kwa hiyo katika shule za msingi napendekeza alama za rangi kwa ugumu wa kusoma: karatasi ya kijani mgongoni kwa vitabu vya sentensi moja kila ukurasa, ya njano kwa aya fupi, ya bluu kwa hadithi ndefu. Na majalada yaelekee mbele. Kitabu kinachoonyesha mgongo tu humwambia kitu mtu anayekijua tayari. Shule isiyo na rafu inaweza kukaza kamba ukutani na kuning'iniza vitabu kwa vibanio vya nguo. Nimeona ukuta wa namna hiyo ukimalizika kabla ya kengele.

Hata hivyo rangi na vibanio havifikii nguvu ya mwalimu anayewasomea watoto. Katika shule moja wilayani Muheza nilimtazama mwalimu wa Darasa la Tatu akianza kwa "Paukwa!" na darasa zima likamjibu "Pakawa!" Akafungua kitabu cha hadithi ya kobe, akasoma polepole, picha zikiwaelekea wao. Kobe alipofika ukingoni mwa mto na maji yamejaa, akafunga kitabu. Watoto wakalalamika kwa sauti. Yeye akakirudisha kwenye kibanio chake, mbele ya macho yao, akaendelea na somo la hesabu. Mapumziko yalipofika, kilikwenda mikononi mwa wa kwanza aliyewahi, na wengine wakaandika majina kwenye daftari la kuazima wakisubiri zamu. Kwa dakika kumi mwalimu yule alikuwa amewaonyesha kitu ambacho mabango ya "Soma Vitabu" hayajawahi kuonyesha: kwamba mle ndani kuna jambo linaloendelea na wao hawajalijua bado.

Msichana mmoja wa darasa lilelile alikuwa akiazima kitabu kimoja kila wiki, cha mama kuku na mwewe. Kiranja wa maktaba, mvulana wa Darasa la Sita, alitaka kumkatalia: "Hiki umeshakisoma, chukua kingine." Mwalimu wa maktaba akamwambia, "Mwache, mwanangu, mwandikie." Alikuwa na haki kabisa. Kurudia kitabu ndiko kunakozoeza jicho, na mtoto akijisikia anasoma bila kukwama, hupata ujasiri wa kujaribu kigumu zaidi. Vilevile aruhusiwe kukiacha asichokipenda. Njia rahisi ya kuchagua ni kufungua ukurasa wowote, kuusoma na kukunja kidole kwa kila neno lisiloeleweka. Vidole vyote vitano vikikunjwa kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kisubiri. Lakini hii iwe shauri, isiwe amri. Mtoto anayependa ndege za abiria atapambana na kitabu kilichomzidi madarasa mawili, na atashinda.

Kitabu kiende nyumbani. Hapa ndipo walimu wengi husita, na naelewa kwa nini: mvua, moshi, mdogo mtu mwenye mikono ya uji. Mifuko ya plastiki tuliyoitegemea ilipigwa marufuku Juni 2019, na shule niliyoitaja ikawaomba wazazi washone mikoba ya viroba vya unga vilivyokwisha, mmoja kwa kila mtoto, jina likiandikwa kwa wino. Kitabu kimoja kikiingia nyumbani husomwa na zaidi ya mtu mmoja. Dada mkubwa hukichungulia, bibi husomewa akichambua mchele na kusahihisha hadithi pale mwandishi alipokosea tabia ya sungura. Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi kubwa ya kufanya: akae, asikilize, aulize "ikawaje?" Swali hilo linampima mtoto ufahamu, kwani hawezi kulijibu kwa kutamka silabi.

Baada ya hapo vitarudi vimeumia. Kila Ijumaa viranja wakae na sindano, uzi, gundi ya unga wa ngano na vipande vya kitambaa kwa ajili ya mgongo. Solotepu ni ya haraka, lakini kwa joto la pwani hugeuka njano, hung'oka na huondoka na maandishi, kwa hiyo itumike kidogo. Watoto wanaoshona kitabu hawachani kitabu.

Mwisho ni likizo. Desturi ya shule nyingi ni kukusanya vitabu vyote Juni na Desemba, vikahesabiwa na kufungiwa. Kwa hiyo mtoto hukosa vitabu wakati ule ule ambao ana muda zaidi, na Januari mwalimu hulazimika kuanza nyuma ya alipoishia. Hesabu ya vitabu ifanyike, kisha vitoke. Wakenya walitupa mfano tangu mwaka 1996, pale huduma yao ya maktaba ilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa kuwa jamii za wafugaji huhama na watoto wao wasingeweza kufuata jengo. Kwetu ngamia si lazima. Shule ya Muheza iligawa vitabu vyake katika masanduku ya mbao, moja kwa kila kitongoji. Sanduku hukaa kwa mzazi aliyechaguliwa na wenzake, orodha husainiwa na mwenyekiti wa kitongoji, na mwanafunzi mmoja wa Darasa la Sita huazimisha Jumanne na Ijumaa jioni. Ndani ya kila sanduku kuna daftari, kalamu, sindano na uzi. Nusu ya likizo ikipita, masanduku hubadilishana vitongoji.