Skrini ya buluu imekuharibia siku? Kagua draiva kwanza

Umebakisha kurasa mbili za mradi wa chuo, skrini inageuka buluu, mashine inajiwasha upya. Mara ya tatu leo! Ukiona VIDEO_TDR_FAILURE, mshukiwa wa kwanza ni draiva ya kadi ya picha, hasa kama uliisasisha juzi. Kadi ikikwama, Windows husubiri sekunde 2 tu kabla ya kujaribu kuiamsha, ikishindwa, basi.

Shikilia Shift ukibofya Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options hadi Startup Settings, Restart tena, kisha 4. Sasa mashine inatumia draiva ya kimsingi. Nakili mradi kwenye flashi kwanza, bana! Halafu fungua Device Manager, Display adapters, bofya kadi yako mara mbili, chagua Driver, Roll Back Driver. Fundi anayetaka kufuta diski nzima mwambie angoje.